Mavi ya Chuma

Nimeshuka Muko na vumbi la Katwe kwenye kucha,
mimi, fundi wa mageti, mchomeleaji wa madirisha ya wenye hofu,
ninayenunua chuma kwa kilo, kingali na rangi ya basi lililopinduka,
na sijawahi kuuliza kilizaliwa wapi.

Ukungu haujaamua kuondoka.
Langoni kuna kibao: WAGENI ELFU KUMI, WENYEJI BURE.
Lango lenyewe limeegemea nguzo
kama mlevi kwenye bega la shemeji,
bawaba zote mbili zimekufa.
Hilo ndilo nililoliona kwanza. Ugonjwa wa kazi.

Keinembabazi ndiye mwenye ufunguo na daftari.
Kiswahili chake kakirithi kwa baba, aliyekwenda Kilembe kuchimba shaba
akarudi na kikohozi, redio, na lugha hii.
"Angalia unapokanyaga," akasema. "Hayo ni mavi ya chuma."
Njia nzima: mabonge meusi
yenye vitundu kama mkate ulioungua.
Watoto wameyapanga yakawa ng'ombe.
Mama mmoja kapata mafiga humo, uji wa mtama unatokota juu yake.
Yaliyobaki yameshika kingo za shamba, mvua isile mlima.

Kilima kile, akakionyesha kwa kidevu.
Mawe yalishuka kichwani, mekundu, ndani ya vikapu,
makaa yakatoka bonde la pili,
na udongo wa tanuri ukakandwa na wanaume
ambao usiku huo hawakulala na wake zao.
"Na wake zao je?"
"Walilala. Walikuwa wamelima kutwa kwa majembe hayohayo."
Akacheka peke yake; nadhani kila mgeni huuliza.
Nyanya yake aliolewa kwa majembe sita.
La saba lilibaki deni.
Koo mbili hazijasahau.

Kisha akaniwekea kiganjani kipande cha mrija wa mvukuto,
udongo ulioiva hadi ukawa kijivu.
"Ingiza kidole."
Ndani, pasipofika jicho, kuna alama ya mtu
aliyesawazisha kabla haujakauka.
Kidole changu kilienea.
Sikusema kitu. Hata Katwe wapo wanaosawazisha upande usioonekana,
wachache, siku ambazo mteja hana haraka.

Saa nane akamwita Bagamuhunda, mjukuu wa wahunzi,
avaaye ngozi ya mbuzi kwa ajili ya wageni, na jinzi chini yake.
Maonyesho ni dakika ishirini: kisu kidogo cha kupigiwa picha,
halafu maji, halafu moshi, halafu kwaheri.
Nikamwambia, usifue kisu.
Nikaokota kipande cha nondo kando ya lango.
Umeme umekatika tangu Jumanne,
na mashine yangu iko mbali, mwendo wa kutwa nzima.
Vukuta.

Akavukuta. Ngozi moja ikimeza, nyingine ikitema,
makaa yakapata rangi ya papai bivu,
si ile nyeupe ya umeme inayokuibia macho hadi kesho.
Miaka kumi na tisa katika kazi hii,
na leo ndiyo mara ya kwanza namtazama moto usoni bila miwani.
Nyundo ni ya babu, mpini ni wa tatu. Fuawe ni jiwe tu.
Nondo ikabisha, ikabisha, ikakunja shingo.
Keinembabazi akatupa daftari, akashika koleo.
Picha hakuna aliyekumbuka.

Jioni malori yakapita barabara ya chini, yamebeba kilima,
yakienda kwenye matanuri ya watu wengine.
Vikombe vikatetemeka mezani.
Hakuna aliyeinua kichwa ila mbwa.

Daftari lina safu tatu: Jina. Atokako. Maoni.
Walionitangulia wameandika Pazuri sana,
Mungu awabariki,
Wekeni choo.
Nikakaa na kalamu, kucha sasa zina vumbi la pande mbili.
Nikaandika:
Bawaba ya juu imekaa.
Ya chini bado inalia.
Nitarudi.